Redio ya Baba Mkwe

"Wifi, uko wapi?"

"Niko ofisini. Ongea taratibu, Prisca, nimebana skrubu mdomoni."

"Zitoe. Baba anatafuta redio yake."

Atupokile aliacha kuzungusha bisibisi.

"Redio gani?"

"Ile kubwa ya mbao, ya chumbani kwake. Amerudi jana kutoka Mbeya kwenye matibabu ya macho, kavaa miwani mipya, na kitu cha kwanza alichotaka kukiona ni redio. Ameitafuta mpaka kwenye banda la ng'ombe. Wifi, mbona kimya? Unanisikia?"

Atupokile alikuwa anamsikia vizuri sana. Tatizo ni kwamba redio yenyewe ilikuwa mbele yake mezani, mgongoni ina matundu ya feni na tumboni imejaa nyaya za kompyuta.

"Lakini Lusungu aliniambia baba karuhusu," alisema kwa sauti ndogo.

"Karuhusu? Baba huyuhuyu? Sisi wanawe wenyewe haturuhusiwi hata kuipangusa vumbi! Kitambaa cha mbele alikidarizi marehemu mama kwa mkono wake. Jioni walikuwa wanakaa wawili wanasikiliza salamu. Redio ilishakufa siku nyingi, lakini kwake bado ni mama yule."

"Mungu wangu!"

"Na ameshapanda bodaboda, anakuja mjini kumtafuta Lusungu. Yuko wapi huyo?"

"Yuko hapahapa kwangu."

"Basi jiandae," alisema Prisca, na simu ikakatika.

Kwa mwaka mzima Atupokile alikuwa anaokoteza vifaa vya kompyuta kwa ajili ya ofisi yake ya kuchapa na kutoa kopi pale Tukuyu. Bodi aliipata kwenye mashine mbovu, feni huku, pawa saplai kule. Alichokosa ni kasha la kuvipanga. Alijaribu debe la biskuti, likapiga shoti. Alijaribu kreti la soda, na mvua za Tukuyu unazijua, unyevu ukaingia mpaka bodi ikaota ukungu. Ndipo mchumba wake Lusungu, mnunuzi wa maparachichi, alipoingia siku moja amekumbatia redio kuukuu na kusema, "Mpenzi, nyumba ya kompyuta yako hii hapa. Baba kasema chukua." Siku ile Atupokile alimpenda mpaka machozi yakamtoka.

Leo alimgeukia na bisibisi mkononi.

"Ulimwomba, au hukumwomba?"

Lusungu alikuwa kwenye benchi la wateja, anamenya ndizi ya kuchoma. Alisahau kuitia mdomoni.

"Nilitaka kumwomba."

"Sijakuuliza ulitaka nini."

"Atu, mpenzi, alikuwa Mbeya. Nikasema akirudi nitamweleza polepole..."

"Nimetoboa kitu cha chumbani kwa baba mkwe, Lusungu! Mimi! Unajua maana yake?"

Alijua. Mzee Ambindwile, baba yake Lusungu, ni mtu wa Kisondela wa zile enzi, na kwa Wanyakyusa wa umri wake mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, wala mmoja hagusi vitu vya mwenzake. Vijana wanacheka, kanisani wanasema yamepitwa na wakati, lakini tangu posa ipokelewe Atupokile kila alipomwona mzee kwa mbali alijitupa migombani mpaka mzee apite. Alikuwa hajawahi kukosea hata mara moja. Posa zimerudishwa kwa makosa madogo kuliko hili.

"Utamwambia ukweli," alisema. "Umesikia? Mimi siwezi kusimama mbele yake nikajitetea. Wewe ndiye mdomo wangu."

"Nitamwambia."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, Atu, nitam..."

Nje mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikubwa cha makusudi, kile cha mzee anayetaka walio ndani wajipange. Atupokile alichomoka kama kuku aliyemwona mwewe na kujitosa nyuma ya pazia. Ni huko gizani ndipo alipogundua kwamba amekimbia na kibodi yake isiyo na waya kifuani.

Mvua ilianza kupiga bati. Mzee Ambindwile aliingia amelowa.

"Gwe, wewe Lusungu. Huyo mtu yupo?"

"Yupo nyuma ya pazia, baba. Shikamoo."

"Asitoke."

Alivuta kigoda, akakaa akiligeuzia pazia mgongo kama inavyotakiwa. Kupitia tundu la pazia Atupokile aliona kofia yake iliyolowa na, juu ya bega lake, skrini ya kompyuta. Ilikuwa imeachwa na kazi yake ya kwanza kabisa, kadi ya harusi. *Mzee Ambindwile wa Kisondela anayo furaha kukualika katika harusi ya mwanawe Lusungu na Atupokile, tarehe ...* Pa tarehe palikuwa wazi, wakisubiri kauli ya mzee.

Mzee aliisogelea redio yake. Alinyoosha mkono akaligusa kasha, akapapasa mgongo, vidole vikaingia kwenye matundu.

"Nani kaitoboa?"

Lusungu aliitazama ndizi yake.

"Nakuuliza wewe. Nani kaitoa chumbani kwangu, na nani kaitoboa?"

Sema, Lusungu, aliomba Atupokile moyoni. Sema, mtoto wa watu, ni neno moja tu.

"Baba... hata mimi nimeshangaa."

"Umeshangaa nini?"

"Ulivyokuwa Mbeya, Atupokile alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa kwenye maparachichi. Nilipokuja hapa nikakuta... keshaitoboa."

"Aliingia chumbani kwangu? Mkwe?"

"Ndiyo, baba."

Nyuma ya pazia Atupokile aliyasikia yote. Kuambiwa mwizi angevumilia. Kuambiwa ameingia chumba cha baba mkwe ni aibu ambayo ukoo mzima ungeibeba, na aliyemtwika ni yule aliyetoka kuapa haki ya Mungu. Akitoka kujitetea, amevunja mwiko kweli. Akinyamaza, amekubali. Machozi yalimdondoka kwenye kibodi, na alipokuwa anayapangusa ndipo vidole vilipokumbuka vimeshika nini.

"Gwe," alisema mzee ghafla, akisogeza miwani. "Hapa palikuwa na jina lako."

"Wapi, baba?"

"Hapa kwenye kadi. Nimesoma Lusungu. Sasa ni Lusun."

Lusungu alisogea kutazama.

"Lusu," alisoma mzee. "Lu."

"Baba, hiyo mashine ina matatizo..."

"L. Haya, limekwisha. Redio yangu imekufuta."

Lusungu aligeukia pazia. Chini ya kadi herufi kubwa zilianza kutokea, na mzee akazisoma moja baada ya nyingine kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"SHIKAMOO BABA. SIJAWAHI KUINGIA CHUMBANI KWAKO. REDIO NILILETEWA. NILIAMBIWA UMERUHUSU. MATUNDU NIMETOBOA MIMI. NISAMEHE."

Atupokile alifumba macho. Je, kuandika ni kusema? Hakuwa na wa kumuuliza, na mila haikuwahi kukutana na kibodi.

Mzee alikohoa. Hakugeuka. Aliinama kidogo kuelekea kwenye kasha na kusema polepole:

"Marahaba, redio."

Atupokile alishika mdomo.

"Mimi mkwe wangu sisemi naye. Nasema na redio yangu, na redio yangu sijakatazwa. Haya, redio, matumbo yako yako wapi?"

KWENYE NDOO CHINI YA MEZA. YOTE. HATA SKRUBU SIJATUPA.

"Na kitambaa cha mke wangu?"

NILIKIFUA KWA MKONO NIKAKIRUDISHA PALEPALE. HEWA YA FENI INAPITIA HAPO, VUMBI HALIINGII.

Mzee alikipapasa kitambaa. Maua mekundu ya marehemu mkewe Agness, yaliyokuwa yamefifia kwa moshi wa miaka, yalikuwa yanaonekana tena. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Lusungu. Nani kaitoa?"

"Baba..."

Hapohapo umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, feni ikanyamaza, chumba chote kikawa kiza cha mvua. Mzee hakuwa tena na redio ya kusema nayo. Atupokile alibaki na kibodi isiyo na faida, na simu yake aliiacha mezani. Kati yao alibaki Lusungu peke yake, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusema badala yake.

"Ni mimi," alisema hatimaye.

"Ongeza sauti, mvua kubwa."

"Ni mimi, baba! Niliichukua ukiwa Mbeya. Sikuomba. Nikamdanganya yeye kwamba umeruhusu, na sasa hivi nimekudanganya wewe kwamba aliingia chumbani. Hakuingia. Nilikuogopa, baba. Nikaona yeye hawezi kujibu, nikamtupia."

"Uliona hawezi kujibu."

"Ndiyo, baba."

"Basi usiniombe msamaha mimi kwanza."

Lusungu alikwenda mpaka kwenye pazia, akasimama bila kulishika.

"Atu, nisikilize. Nimekusaliti mbele ya mtu pekee usiyeweza kusema naye. Sina cha kujitetea. Ukirudisha posa, nitasema nyumbani kote kwamba kosa ni langu. Ukinisamehe... Atu, niambie kitu."

Atupokile aliishika kibodi kwa mikono miwili. Alikuwa anampenda, hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Aliikumbuka siku ile ya redio kifuani kwake, na aliikumbuka ile "ndiyo, baba" ya dakika chache zilizopita, na zote mbili zilikuwa za mtu yuleyule.

Umeme ulirudi. Taa ikawaka, lakini kompyuta ikabaki imezima. Ilitakiwa iwashwe, na wa kuiwasha alikuwa nyuma ya pazia.

"Inawashwaje hii?" aliuliza mzee.

"Sijui, baba. Yeye ndiye anayejua."

Mzee aliitazama redio yake. Kisha mkono wake, wenyewe tu kwa mazoea, ulikwenda kwenye kile kifundo cha kulia alichokuwa anakizungusha kila jioni enzi za uhai wa mkewe. Alikizungusha. Kikalia *tak*. Atupokile alikuwa ameunga swichi palepale, kwa kuwa hakutaka kuweka kitu kigeni usoni pa redio ya watu. Nyuma ya maua mekundu taa ndogo ikawaka.

Mzee alibaki na vidole juu ya kifundo.

"Imewaka," alisema. "Agness, imewaka."

Skrini ilijifungua, na kadi ikarudi. *Mwanawe Lusungu na Atupokile.*

"Jina langu limerudi!" Lusungu alipiga kelele. "Baba, ona! Amenisamehe!"

Herufi zilitokea chini yake, taratibu.

HIYO NI KADI NILIYOHIFADHI ASUBUHI, KABLA HUJADANGANYA.

Mzee aliisoma, akamtazama mwanawe kwa juu ya miwani. Kisha akainama tena.

"Redio, mimi kwa upande wangu matundu nimeyasamehe. Hewa lazima ipite. Sasa niulizie huko nyuma. Huyu mtoto wangu mwongo bado anatakiwa?"

Kile kimstari cha kuandikia kwenye skrini kiliwaka na kuzima, kikawaka na kuzima. Lusungu hakuthubutu kutazama skrini. Alitazama pazia, jasho likimtoka na baridi yote ile. Kimstari kilisogea, kikapanda mpaka kwenye jina lake, kikasimama pembeni ya herufi ya mwisho.

"Kiko kwako," alisema mzee.

"Baba, usinisomee."

Kikakaa. Kikakaa. Kisha kikaliruka jina, kikashuka mpaka kwenye nafasi ya tarehe, na maneno mawili yakatokea ndani yake.

"BABA ASEME," alisoma mzee.

Lusungu alikaa chini sakafuni, uso mikononi, analia waziwazi.

"Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi," alisema mzee. "Mvua zinakuwa bado." Tarehe ikaingia mahali pake, na chini kabisa ukaongezeka mstari mmoja ambao haukuwa wa kadi.

KASHA LA KOMPYUTA IJAYO NITALITAFUTA MWENYEWE.

Mzee Ambindwile alicheka mpaka akakohoa, kikohozi cha kweli safari hii. Alisimama, akavaa kofia yake. Mlangoni alisimama akitazama mvua, mgongo kwa pazia.

"Redio, mwambie mkwe wangu ndaga fijo, asante sana. Wewe ubaki hukuhuku, ukae na watu. Na mwambie Jumamosi nitakuja tena kuzungusha kile kifundo. Nitakohoa kabla sijaingia."