Nilivyomjibia Binti Yangu Zahanati

Binti yangu ni fundi cherehani. Yeye anashona, mimi napiga pasi. Ana miaka ishirini na mbili, na ni kiziwi tangu utotoni. Majirani wananiita Redio, maana sizimiki.

Siku moja alinivuta mkono mpaka zahanati. Akanionyesha bango la kupima virusi vya UKIMWI.

Muuguzi akaniuliza mimi, "Ana mpenzi?"

"Thubutu! Kiziwi huyu? Mpenzi atoke wapi?"

"Basi, hana haja ya kupima," akasema.

Tukarudi. Binti alilia, hata kushona akagoma. Mimi nikadhani tumbo linamuuma. Jamani, ujinga huu!

Kesho yake mteja wetu, mshauri wa afya pale zahanati, alifuata gauni lake. Alipomwona binti analia, akamuuliza kwa lugha ya alama. Kumbe anaijua! Mikono ya binti yangu ikafunguka. Ikaeleza, ikauliza, hata ikatania, wakacheka wote wawili. Alama hizo alijifunza shuleni. Sisi nyumbani tulikuwa na ishara za kula, kulala na njoo tu. Maneno yote yale yalikuwa ndani ya mwanangu, nami sikujua!

"Mama, anataka kupima," mshauri akasema. "Sababu ni siri yake. Ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Nitampima mimi."

"Nije nimsemee?"

"Hapana. Utakaa nje."

"Nje? Mimi niliyemzaa?"

"Wewe ungemweleza mama yako mambo yako ya mapenzi?"

Nikaweka pasi chini, tukaondoka.

Tulipofika zahanati, mshauri alivuta pazia la dirisha. "Maneno ya mikono huonekana," akasema. "Nayo ni siri." Akanieleza kwamba watatoa tone la damu kidoleni, na majibu hayachelewi. Asiye na virusi hujilinda. Mwenye navyo huanza dawa, akizimeza kila siku huishi na afya yake.

Nilikaa kwenye benchi, kimya. Mimi, Redio!

Binti akatoka, mabega yameshuka, uso umetulia. Nikamuuliza kwa macho. Akatabasamu, akatikisa kichwa: hasemi.

Sasa zahanati ina siku ya viziwi kila wiki. Hawaitwi kwa sauti, huonyeshwa namba. Nami kila jioni binti ananifundisha alama, na vidole vyangu ni vizito kweli, ananicheka.

Majibu yake siyajui hadi leo. Anayajua yeye.