Maji Kidogo ya Daktari Nzilani

Soko la mji wa Wote lilikuwa limejaa mpaka watu wanapita kwa upande. Nzilani, kitambaa cha njano kichwani, akagonga ndoo ya kijana aliyeitwa Kitheka na avokado zikabiringika kila mahali.

"Dada, unakimbia hivyo, umetoka wapi?"

"Kanyangi."

"Aa, kwenye visima vya chumvi! Sisi Mbooni maji yetu ni tamu, hatuna haraka."

"Na mdomo je, ni tamu pia?"

Kitheka akacheka, akaomba namba. Jioni akapiga. Kesho yake akapiga tena. Ikawa "mpenzi umekula?" kila siku.

Kisha mamake Kitheka akafanyiwa upasuaji wa moyo, na Nzilani ndiye daktari aliyemlaza usingizi na kumchagulia maji ya kutiwa kwenye mshipa. Kitheka alipoingia kumwona, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na chupa mbili kubwa. Mamake alikuwa na kachupa kamoja kanadondoka polepole, midomo imekauka.

"Daktari Nzilani ndiye amepunguza," nesi akasema.

Kitheka akatoka nje, akampigia Nzilani simu.

"Nyinyi watu wa Kanyangi mmezoea kiu. Sasa unataka mamangu pia azoee?"



"Kitheka, huo moyo umetoka kushonwa saa hii. Nikimwaga maji mengi, yatajaa kwa mapafu. Na maji ya chumvi tupu yakizidi, figo zinaumia. Nimempea maji ya aina ile inakaribiana na damu yake, kidogo kidogo, nikiangalia presha."

"Na figo zikikataa?"

"Basi nimekosea. Lakini siwezi kuzamisha mamako ndio wewe unipende."

Akakata.

Asubuhi mfuko wa mkojo wa mama ulikuwa bado mtupu. Kitheka akakaa kwa benchi, kichwa mikononi, anaomba. Simu ikalia, ni Nzilani.

"Kitheka! Mamako amekojoa!"

"Nini?"

"Amekojoa! Mkojo mwingi, msafi! Na mapafu iko sawa!"

"MAMANGU AMEKOJOA!"

Benchi yote ikageuka. Mama mmoja akapiga vigelegele, wengine wakapiga makofi bila hata kujua mgonjwa ni nani. Mlango ukafunguka, Nzilani akatokea na nguo zake za kijani, macho mekundu.

"Aki nisamehe. Nilikuongelesha vibaya," Kitheka akasema.

"Vibaya sana."

"Mama akipona, nataka tulete mbuzi kwenu. Za kukuchumbia."

Nzilani akamwangalia juu mpaka chini.

"Sawa. Lakini mbuzi mamako ndiye achague. Wewe kitu usipokielewa unapiga kelele."

Kisha Nzilani akamkumbatia hapo hapo, mbele ya benchi yote.