Betri Iliyolala na Baridi

Mara tatu kwa juma, asubuhi mapema, shemeji yangu Pascal alifika mjini, mtaa wa Nyawera, na maziwa. Yeye na mke wake Adèle, ambaye ni mdogo wangu, waliyanunua kijijini kwetu mlimani na kuyauza mjini. Wateja wao wengi walikaa upande wa Ibanda. Walikuwa akina mama wanaotaka maziwa ya leo, si ya jana. Kwa hiyo Pascal na Adèle walilala kijijini, nyumbani kwa mama yetu, Maman Eulalie, wakapakia bidoni zao, madumu ya maziwa, alfajiri.

Mimi ni Constantin. Nimekuwa fundi wa magari ya mazutu, yaani dizeli, pale Nyawera kwa miaka thelathini. Gari likipita barabarani, nasikiliza injini yake na kukuambia ugonjwa wake. Watu walinisifu kwa jambo hilo, na mimi nilizipenda sana hizo sifa. Nakuambia mapema, ili usinionee huruma kupita kiasi.

Mwaka jana Pascal na Adèle walinunua kamioneti ndogo ya umeme, iliyokwisha kutumika. Haikunywa mazutu wala petroli. Chini ya sakafu ilikuwa na betri kubwa, na mota ya kuzungusha magurudumu. Kijijini kuna mtambo mdogo wa umeme kwenye mto. Usiku Pascal aliiacha kamioneti nje ya zahanati, ikichaji.

Siku moja alinijia gereji pamoja na Adèle, uso umekunjamana.

“Shemeki, hii gari iko na kitu. Kule mulimani, asubuhi, mbele ya kuondoka, inaanza kulia yenyewe. Vuuu! Na haitembei.”

“Magurudumu inazunguka?”

“Hapana. Imesimama tu. Moteur njo inalia.”

Nilijua jibu kabla hajamaliza. Katika mji wetu, dereva anazima injini hata kwenye mteremko ili asichome mazutu. Leo mota ingurume wakati gari limesimama? Huo kwangu ulikuwa uharibifu mtupu.

“Iko nakula courant bule,” nilisema, maana niliona umeme unapotea bure. “Tunazima hiyo kitu.”

Kwenye kioo kidogo kando ya usukani palikuwa na maneno ya Kifaransa. Adèle, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, aliyasoma polepole.

“Yaya, hapa wanaandika kupasha batri moto. Labda iko na kazi yake.”

“Kazi gani? Batri iko bugali ya jana? Tangu lini tunapasha batri moto?”

Gereji nzima ilicheka. Nikanyoosha kidole changu mwenyewe, nikagusa kile kioo, nikazima.

Juma lile tulikwenda Sange kununua mchele. Sange ni bondeni, kuna joto, jasho linakutoka ukiwa umekaa tu. Gari lilikwenda vizuri sana, halikunguruma hata kidogo.

“Unaona?” nilimwambia Adèle.

Sikujiuliza kwa nini nimejaribu gari mahali pa joto, wakati kazi yake iko mahali pa baridi.

Ukafika mwezi wa saba. Wakati wa kiangazi, usiku wa kijijini kwetu una baridi kali. Asubuhi mvuke unatoka kinywani, na maji ya kunawa yanauma vidole. Siku moja, saa kumi na mbili asubuhi, simu yangu ililia. Alikuwa Adèle.

“Yaya, Maman ameanguka! Mudomo umepinda. Mukono wa kuume hausikii kitu. Infirmier wa zahanati anasema ni kiharusi, afike hospitali mbio mbio.”

“Muko na gari, mukuje!”

“Gari haina nguvu! Batri haikujaa usiku, na ku kioo kumetokea alama ya kobe. Pascal anakanyaga, gari inatambaa tu.”

Nilichanganyikiwa. Nikakumbuka malori yetu ya zamani, jinsi tulivyoyawekea jiko la makaa chini asubuhi za baridi.

“Wekeni mbabula ya makala chini ya batri! Itapata moto!”

Kisha mdogo wangu akasema:

“Hapana, yaya. Leo sikusikilizi.”

Akakata simu.

Waliziacha bidoni zote za maziwa kando ya barabara ili gari liwe jepesi. Mama alilazwa nyuma juu ya godoro, Adèle akimshika kichwa. Kwenye kila mlima gari lilikwenda polepole mno. Wanawake waliobeba mizigo ya soko mgongoni walilipita. Kwenye mlima mmoja watu walishuka kutoka mashambani, wakasukuma. Jua lilipopanda na betri ilipopata joto kwa kazi yenyewe, ndipo kobe akatoweka kwenye kioo. Njia ya saa moja na nusu ilichukua zaidi ya saa nne.

Nilikuwa nimesimama kwenye lango la hospitali kule Ibanda tangu saa moja. Walipofika, Pascal hakunitazama usoni.

Daktari alisema taratibu, kwa heshima. Kwa ugonjwa ule, kila dakika ina maana, kwa sababu ubongo unakosa damu. Kama mama angefika mapema, wangeweza kujaribu mambo zaidi.

Mama hakufa. Lakini mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena, na maneno yamekwisha. Mama yetu, aliyekuwa akisema toka asubuhi mpaka jioni, hasemi tena.

Siku ya tatu Pascal alimwita Martine gereji. Huyu ni jirani yao wa mjini, binti aliyesomea umeme, anayetengeneza pikipiki za umeme. Nilikuwa nimezoea kumwita “fundi wa tochi” ili vijana wa gereji wacheke. Alikagua gari, akagusa kioo, akasoma.

“Nani alizima kupasha batri moto?”

“Ni mie,” nilisema. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Martine hakucheka. Afadhali angecheka.

“Papa Constantin, batri ya hii gari haipendi baridi. Ikiwa na baridi sana, inatoa nguvu kidogo. Tena haipokei courant muzuri, njo maana haikujaa usiku. Gari yenyewe inajua. Inapunguza nguvu, inaonyesha kobe, juu batri isiharibike.”

“Na ile kulia? Moteur inalia na magurudumu haizunguki. Juu ya nini?”

“Ile njo dawa yenyewe. Gari haina jiko ya kupasha batri. Inatumia moteur. Kile kisanduku cha umeme chenye kuongoza moteur kinatuma courant mu nyaya zake, kwa namna yenye haiwezi kuzungusha magurudumu. Courant ikipita mu nyaya, nyaya zinapata moto. Na kisanduku nacho kinapata moto.”

“Halafu ule moto unafikaje ku batri?”

“Papa, ku gari ya mazutu, maji ya kupoza inafanya kazi gani?”

Hilo nililijua. “Inatoa moto ku injini, inaenda kuutupa mu radiateur.”

“Sawa. Hapa pia kuko maji na pompe. Lakini asubuhi ya baridi, ule moto hautupwi. Maji inaupeleka ku batri. Batri ikipata joto ya kutosha, gari inaacha yenyewe. Kule Sange haikulia juu kulikuwa joto. Hata kama usingeizima, isingelia.”

Nilikaa juu ya gurudumu kuukuu. Miaka thelathini nimesikiliza injini, na ile moja nisiyoijua niliinyamazisha.

“Lakini inakula courant,” nilisema. Sijui kwa nini bado nilibishana.

“Inakula kidogo. Njo maana unaiacha ipate joto wakati gari ingali ku prise, inachaji. Courant itatoka ku mutambo, haitatoka ku batri. Nusu saa mbele ya kuondoka, inatosha. Halafu unatoa prise, unaenda.”

“Na mbabula?” Adèle aliuliza. “Yaya alisema tuweke mbabula chini.”

Martine alinigeukia kwa haraka.

“Muliweka?”

“Nilikatala,” Adèle alisema.

“Asante Mungu. Moto wa inje unachoma batri upande moja. Inaweza kulipuka, na mugonjwa iko ndani. Batri haipashwi na makala, wala na maji ya moto. Inapashwa na gari yenyewe. Ikikatala, unaita fundi mwenye anaijua.”

Adèle aliwasha tena ile kazi ya kupasha betri. Hakuniomba ruhusa. Tangu siku hiyo, kijijini, anaamka mapema na kuhakikisha gari bado liko kwenye umeme na mota imeanza kunguruma. Bidoni zinapakiwa huku betri ikipata joto. Wakiondoka, kobe haonekani, na mlima wanaupanda bila shida.

Mwezi wa nane, asubuhi ya baridi kuliko ile ya kwanza, walimpakia Lucie, mke wa mwalimu wa kijijini. Alikuwa na uchungu wa kuzaa, na damu ilimtoka nyingi. Walifika hospitali kwa saa moja na nusu. Lucie yuko hai. Mtoto wake, msichana, yuko hai pia na analia kwa nguvu. Mwalimu alikuja gereji kunishukuru, kwa sababu watu walimwambia kwamba mimi ndiye fundi wa familia. Nilimpeleka kwa Martine, vijana wote wa gereji wakitufuata. Nilimwambia gereji nzima ikisikia: “Huyu njo fundi. Mie nilikosa.”

Nilifurahi kwa Lucie, kweli nilifurahi. Lakini njiani kurudi nyumbani nilihesabu saa za mama, na moyo ukauma upya.

Mama sasa anakaa kwa Adèle. Kwa miezi miwili nilimtembelea bila kumwambia kitu. Nilimwuliza kama amelala vizuri, nikampangia mito, nikaondoka. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimkuta akila bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mkono wa kushoto. Nilikaa mbele yake.

“Maman,” nilisema, “ile gari haikukatala yenyewe. Ni mie niliizima. Adèle alitaka kunikataza, nikamucheka mbele ya watu. Ni juu yangu ulichelewa.”

Alinitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilihangaika, ikatoa sauti, lakini neno halikuja. Machozi yalinitoka mbele ya wajukuu wake, na sikuyafuta.

Kisha mama akaishika sahani yake kwa ule mkono wa kushoto, akaisukuma mezani polepole mpaka ikafika kwangu. Sambaza zilikuwa zimebaki tatu. Sijui kama alinisamehe, au kama aliona tu kwamba mtoto wake amekuja na hajala. Hawezi kuniambia, na sitajua kamwe.

Nilinawa mikono, nikala.