Castory Aacha Dawa Bila Kuuliza

Castory Mazengo analima zabibu Hombolo. Watu wanamjua kwa mikono yake. Akipogoa mzabibu, hakosei tawi. Majirani humwita awaonyeshe pa kukata. Ndiyo maana mikono hiyo ilipoanza kutetemeka, kila mtu aliona.

Alipimwa hospitalini, mjini Dodoma. Daktari akamwambia ana ugonjwa wa Parkinson.

"Ubongo wako umepungukiwa na kitu kinachouongoza mwili utembee na kushika vizuri," alisema daktari. "Dawa hizi haziondoi ugonjwa. Lakini ukizitumia sawasawa, zitakurudisha shambani."

Na kweli zilimrudisha. Mikono ilitulia. Alifunga vifungo vya shati mwenyewe. Tatizo likawa tumbo. Kila alipomeza dawa, kichefuchefu kilimshika.

"Mama Brightness," alimwambia mkewe Sidonia, "mimi nimeshapona. Dawa naziacha."

"Daktari amesema uziache?"

"Daktari yuko mjini. Tumbo ni langu."

Akaziacha, lakini kichefuchefu hakikuisha siku hiyo. Sidonia alimwonea huruma. Alikwenda duka la dawa akanunua vidonge vya kuzuia kutapika. Muuzaji hakuuliza mgonjwa ana ugonjwa gani, na Sidonia hakusema. Castory akavimeza. Tumbo likatulia, naye akaendelea kuvimeza.

Baada ya siku chache, mwili wake ulianza kuwa mgumu. Asubuhi moja alishindwa hata kugeuka kitandani. Sidonia alimpa uji. Ukamwagika pembeni ya mdomo.

"Miguu imegoma," Castory alinong'ona. Macho yake yalijaa hofu.

Sidonia alikimbia kwa jirani yao Dorothea, muuguzi wa zahanati. Dorothea alikuja hapo hapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Castory alijibu. Sauti haikusikika vizuri.

Dorothea alimgusa paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Mama, nionyeshe dawa zote anazotumia."

Sidonia alileta za hospitali na za dukani. Dorothea aliziangalia zote.

"Hizi za hospitali bado ni nyingi. Ameziacha?"

Sidonia aliinamisha kichwa. "Ameziacha. Sasa nimpe mbili mbili, afidie zilizopita?"

"Hapana! Dawa haifidiwi. Usimpe uji wala kidonge sasa, atapaliwa. Twende hospitali. Na dawa zote tunakwenda nazo, hata hizi za dukani."

Bashiri, jirani mwenye gari la kubebea zabibu, aliwapeleka mjini.

Castory alilazwa. Madaktari walimrudishia dawa zake kwa uangalifu. Homa ikashuka. Mwili ukaanza kulegea. Alipoweza kukaa, daktari alivuta kiti.

"Mzee, dawa ya Parkinson haiachwi ghafla. Mwili hukakamaa, homa hupanda, na mtu anaweza kufa."

"Na vile vya dukani?" aliuliza Sidonia. "Nilitaka kumsaidia tu."

"Najua, mama. Lakini dawa ile ya kuzuia kutapika inapingana na dawa yake. Inazidisha ugonjwa. Zipo nyingine zisizomdhuru, ila tuulizeni kwanza."

"Basi kichefuchefu nitakiweza vipi?" aliuliza Castory.

"Dozi ikikusumbua, njoo tuirekebishe sisi. Meza dawa kabla ya chakula, saa zile zile kila siku. Tumbo likikataa, tangulia na uji mwepesi usio na maziwa. Nyama, maharage na maziwa vije baadaye, maana vinaweza kuizuia dawa isifanye kazi vizuri. Na ukiamka, kaa kwanza kitandani. Ukisimama haraka, kizunguzungu kitakuangusha."

Castory aliitikia kwa kichwa. "Tumbo ni langu, lakini dawa nilikuwa siijui."

Nyumbani, mambo yalibadilika. Simu ya Sidonia iliwekwa mlio wa saa za dawa. Ikilia, Sidonia humwita, naye Castory huacha mkasi shambani na kuja kumeza. Maharage huyala baadaye. Siku moja alisahau dozi. Hakumeza mbili. Alimpigia simu Dorothea, akaelekezwa.

Msimu wa kupogoa ulipofika, alipogoa shamba lake lote. Alikwenda polepole kuliko zamani, lakini alimaliza.

Jioni moja alikuja Abdulwahab, mfanyabiashara kutoka Kondoa anayenunua zabibu zake.

"Mzee Castory, mama yangu naye anatetemeka mikono. Nimeona dawa zako zinavyokufaa. Nigawie vidonge vichache nimpelekee."

Sidonia alimwangalia mumewe. Castory alimpenda sana Abdulwahab. Hakuwahi kumnyima kitu.

"Vidonge sikupi," alisema Castory.

"Mzee, hata viwili?"

"Hata kimoja. Hivi nilipimiwa mimi. Mama yako mlete hospitali. Nitakuja mwenyewe kukaa naye kwenye foleni."

Abdulwahab alinuna kidogo, lakini alimleta mama yake. Castory alikaa naye kwenye benchi, wakapiga soga mpaka walipoitwa.

Mama alipimwa damu. Hakuwa na Parkinson. Tezi ya shingoni ndiyo iliyokuwa inamsumbua, ikamtetemesha mikono. Akapewa dawa yake mwenyewe, tofauti kabisa.

Abdulwahab alitoka nje akamshika Castory mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee," alisema, "ungenipa vile vidonge, ningempa."