Mapengo ya Mwalimu Semkiwa

Cherehani-Atomi ilishona bila sauti. Ncha yake ilipita juu ya bamba-kumbukizi, bamba la kuhifadhia sauti, na kila ilipokuta atomi imekosekana katika tabaka, ilidondosha nyingine, pengo likafungwa. Tanga nzima iliionea fahari mashine hiyo, na mhandisi wake, Tausi Mhina, aliionea fahari kupita wote.

Bamba lilikuwa la Bi Chausiku, mjane wa Mwalimu Semkiwa aliyemfundisha Tausi kazi. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu, ya pekee iliyobaki duniani. Mama huyo aliomba nakala tu. Lakini Tausi alipoona mapengo yalivyojaa, aliona haya kumrudishia mtu mzima kitu kibovu, akalitia bamba mashineni kwanza. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Bi Chausiku alikuwa amekaa kando akisubiri. Alifungua chupa ya kahawa aliyokuja nayo, na harufu yake ikamrudisha Tausi miaka thelathini nyuma, kwenye tanuri la zamani la kuokea mabamba. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuegesha birika lake la kahawa juu ya kifuniko chake. Upande ule ukapoa, na mabamba yakatoka na mapengo. Wanafunzi walicheka sana. Ilikuwa miaka mizuri ile.

"Yaacheni," Mwalimu aliwaambia. "Elektroni hujipanga safu, na mpango wa safu ndiyo kumbukumbu. Pengo ni kigingi chake. Ukiking'oa, safu zinateleza."

Maneno hayo yalipomrudia, Tausi aliizima mashine. Palikuwa pamebaki mapengo machache tu pembeni.

"Mama, nimekosa," alisema. "Nilitaka kukutengenezea. Nimemfuta Mwalimu."

Bi Chausiku aliweka chupa chini. Machozi yalimlengalenga.

"Washa bamba," alisema mwishowe. "Tusikie kilichobaki."

Maneno hayakuwapo tena. Ulisikika mlio wa kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, kikazungushwa mara moja, kisha kimya.

"Rudia."

Tausi akarudia. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ndiye," alisema. "Miaka arobaini na mbili, hakuwahi kuanza kusema kabla hajakizungusha."

Akamimina kahawa, akamsogezea Tausi kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Halafu urudie tena."