Kikapu cha Mama Mkwe

Mangi alilima mahindi kilimani, karibu na Kikoneni. Mama mkwe wake, Bi Mwanasha, alilima mpunga bondeni, chini ya kilima hicho hicho.

Kwa desturi yao, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Mangi akimwona Bi Mwanasha anakuja, alimpisha njia na kuinamisha uso. Lakini kila mwaka alimpelekea kikapu cha mahindi mabichi, na kikapu hakikurudi kitupu. Mpunga ulipovunwa, kilirudi kimejaa mchele mpya, kimefunikwa leso. Mangi aliusifu mchele huo mpaka jirani yake, Abdurahman, akachoka kusikia.

Mwaka mmoja Mangi alitaka shamba kubwa zaidi. Alikata vichaka vyote mpaka ukingoni mwa kijito, akavichoma moto. Kisha akapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu kwenda chini. Katana, bwana shamba, alipita na baiskeli yake akamwonya. Mangi alimjibu kwamba yeye alishika jembe kabla Katana hajaota meno. Katana akapanda baiskeli akaenda zake.

Masika yakaja kwa nguvu. Mangi aliona maji mekundu yakiteremka kati ya matuta. Alifurahi, maana mahindi yake hayataoza.

Siku ya kurudishwa kikapu, Mangi alimwalika Abdurahman aje aonje mchele. Mbeyu, mkewe Mangi, akarudi kutoka kwa mama yake na mzigo kichwani. Alikitua kikapu mbele ya mumewe. Mangi akafunua leso. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu.

"Mama amesema nikurudishie mali yako, Baba Rai," Mbeyu alisema. "Majaruba yake yote ya mpunga yamefukiwa. Mwaka huu hakuvuna hata pishi moja."

Udongo wa bondeni ni mweusi. Mwekundu ulikuwa kilimani tu, shambani kwa Mangi. Abdurahman alisema anaitwa nyumbani, na hakuna aliyekuwa amemwita. Mangi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa kikapuni ikimtazama. Alitahayari vibaya sana. Ijumaa ile hakwenda msikitini, alisali nyumbani.

Mwishowe alimtafuta Katana. Alimwamkia yeye kwanza, ingawa Katana ni mdogo kwake. Katana hakumcheka. Walizunguka shamba pamoja.

"Udongo wa juu ndio wenye rutuba," Katana alisema. "Majani na mizizi huushika. Wewe umeviteketeza vyote, halafu ukayachimbia maji njia ya kuteremkia."

"Sasa nifanye nini, bwana shamba?"

"Piga matuta ya kukingama mteremko. Tembea ubavuni mwa kilima kama mtu aliyebeba mtungi, asiyetaka kupanda wala kushuka. Hapo ndipo tuta lipite. Katikati panda mistari ya nyasi. Mabua usiyachome, yalaze chini. Na ukingoni mwa kijito acha vichaka viote tena."

Kisha akamweleza kwamba si yeye peke yake aliyekosea hivyo. Zamani huko Amerika wakulima waliondoa nyasi za nyika nzima, upepo ukabeba udongo wao, mchana ukawa giza, na watu wakahama na watoto wao.

"Lakini wao hawakumfukia mama mkwe," alisema Mangi.

Alipiga matuta upya, yote. Kisha akashuka bondeni na jembe na kile kikapu, akaanza kuchimba udongo wake na kuupandisha kilimani. Wanawake waliokuwa mashambani waliinua migongo wakamtazama. Bi Mwanasha alipita kwa mbali. Mangi hakuweza kumwomba radhi kwa mdomo, desturi haikumruhusu. Aliinamisha uso akachimba.

Masika yaliyofuata, alisimama shambani mvua ikimpiga. Maji yaligonga matuta, yakatulia, yakanywewa na ardhi. Kijito kilipita kikiwa safi. Mahindi yalizaa kuliko mwaka uliotangulia, akapeleka kikapu chake bondeni kama kawaida. Lakini alikuwa na wasiwasi kitarudi na nini.

Kiliporudi, aliogopa kuigusa leso. Mbeyu akaifunua mwenyewe. Ulikuwa mchele, mweupe, haukufika hata nusu ya kikapu. Mangi akatazama chini.

"Mama amesema nini?"

"Amesema ni mchache kwa sababu majaruba mawili bado yana udongo wako," Mbeyu alijibu. "Na amesema uule ukiwa umeinua uso."

Mbeyu akapika. Mangi akainua uso, akala. Alipomaliza alinawa mikono, akatwaa jembe na kikapu kitupu, akashuka bondeni.