Pumzi Aliyoikosa Eun-cheol

Alasiri moja, katika chumba cha mazoezi cha hospitali moja ya Taebaek, mji wa migodi ya makaa, mzee Tak Deok-su alivuta pumzi na hakuitoa.

"Haya mzee, toa sasa," alisema Yu-ri, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akimshika bega. "Taratibu, kama unapoza uji."

Mzee hakutoa. Mdomoni alikuwa na mrija wa kifaa cha plastiki chenye vijipira vitatu. Mtu akivuta pumzi, vijipira hupanda. Tangu kiharusi kimlemaze upande wa kulia na kumfunga ulimi, hakuwahi kuinua hata kimoja vizuri, maana mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa ya mawe aliyoyachimba ujana wake wote. Siku hiyo vijipira vyote vilipanda vikang'ang'ania juu.

"Makubwa!" mkewe Bok-rye alipiga makofi. "Baba Hyeon-ju, kumbe ulikuwa unatutania!"

Yu-ri hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kifua kilichovimba na kukataa kushuka. Pumzi ilipotoka hatimaye, ilitoka baridi, ikinuka makaa yaliyolowa na mbao zilizooza. Bok-rye akaacha kupiga makofi. Alikuwa mke wa mchimba makaa, na harufu ya chini ya mlima aliijua.

Kesho yake ilikuwa zamu ya sumaku. Yu-ri aliweka kifaa cha duara chenye sumaku juu ya kichwa cha mzee, upande wa kushoto, ili kuuzindua ubongo uliolala. Kikaanza kudonoa, ta-ta-ta, ta-ta-ta. Kwa kawaida kidole gumba cha kulia kilishtuka kidogo tu. Safari hii mkono mzima ulijikunja ngumi, ukaanza kugonga chuma cha kiti. Gonga, gonga, kimya. Gonga, gonga, kimya.

Yu-ri akazima mashine. Mkono ukaendelea.

"Mama," alinong'ona, "mimi nimezima."

"Naona."

"Sasa nani..."

"Nyamaza, mwanangu. Hivyo ndivyo wachimbaji wanavyogonga bomba wakifukiwa."

Ndipo mdomo wa mzee ulipofunguka, upande mzima na upande uliopooza kwa pamoja, na sauti ya kijana ikasema, "Shemeji, huku kuna hewa."

Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita Bok-rye hivyo, naye alikufa zamani.

Eun-cheol alikuwa mdogo wake Deok-su. Bok-rye alipoolewa alimkuta katoto kasikojua kufunga viatu, kasiko na mama, akakalea pamoja na binti yake mwenyewe, Hyeon-ju. Kijana alipokomaa akamfuata kaka yake mgodini. Siku mlima ulipoporomoka, Deok-su hakuwa zamuni. Alikimbia akachimba kwa vidole, akimsikia mdogo wake akigonga bomba nyuma ya mwamba, na alikuwa bado anachimba wakati kugonga kulipokoma na wenzake wakamkokota nje. Mwili haukupatikana. Mlango wa mgodi ulizibwa kwa zege.

Mtu mwingine angekimbilia kwa mganga siku ileile. Bok-rye alikwenda nyumbani akakuna viazi, akakaanga chapati za viazi, zile Eun-cheol alizokuwa akiziiba zikiwa bado kikaangoni, akarudi nazo hospitalini.

"Umezichoma kidogo, Shemeji," ilisema ile sauti, kinywa cha mzee kikiwa kimejaa.

"Kula hivyohivyo, mdomo wako haujaacha ufedhuli," alijibu Bok-rye, akicheka na machozi yakimdondoka.

Kila alasiri akawa anakuja, anapanguza kidevu cha mume wake huku anaongea na shemeji yake, anamweleza nani kaoa na nani kahama, na hakutaka kuona kwamba midomo ya mumewe ilikuwa inageuka rangi ya zambarau, kwamba kwenye kola ya nguo zake kila asubuhi palikuwa na masizi ambayo hakuna aliyejua yametoka wapi, kwamba kifua kilikuwa kinavuta na kuvuta na kuvuta kama cha mtu aliyezibwa na sasa amepata upenyo, na kwamba wagonjwa wa vitanda vya jirani, bila kuambizana, walikuwa wameomba kuhamishwa chumba kwa sababu kila wakilala pale, walisema, hewa ilikuwa haitoshi.

Yu-ri ndiye aliyemvuta pembeni.

"Mama, mzee hatoi pumzi. Anavuta tu. Mimi ndiye niliyemfundisha, na sasa naogopa kumwambia vuta. Huyo aliyemo ndani atammaliza."

"Si mtu mbaya."

"Sijasema ni mbaya, Mama. Nimesema ana njaa ya hewa."

Bok-rye alimtafuta Bibi Pyo, mganga aliyezisindikiza roho za wafu wa migodini miaka mingi. Bibi Pyo alimtazama mgonjwa, akanusa, kisha akamgeukia mke.

"Wewe ndiye unayemfuga. Unampikia chapati, atatoka aende wapi?"

"Nilimlea, Bibi."

"Basi ni wewe utakayemtoa. Mimi akinisikia atajificha tu."

Walimpeleka mzee kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye ule mlango uliozibwa, adhuhuri, theluji ikiwa magotini. Bibi Pyo alipanga wali, samaki mkavu na pombe ya mchele, akapiga upatu. Kisha akatandaza kitambaa kirefu cheupe kutoka miguuni pa mzee hadi kwenye zege, Yu-ri akishika ncha moja. Ndiyo ilikuwa barabara ya roho.

"Mwite," Bibi Pyo alimwambia Bok-rye.

"Eun-cheol," aliita Bok-rye. "Mwanangu, toka."

Kifua cha mzee kilivimba hadi vifungo vya koti vikakatika. "Shemeji, unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakusindikiza."

"Kule kulikuwa na giza. Niligonga sana. Hamkunisikia?"

"Tulikusikia." Bok-rye alipiga magoti kwenye theluji. "Kaka yako alikusikia hadi kucha zikamtoka. Ila sasa anakufa, Eun-cheol. Pumzi ni moja, na nyinyi ni wawili."

Kisha, kwa sauti ya katoto kasikojua kufunga viatu, "Huko ninakokwenda kuna hewa?"

Bok-rye alimtazama Bibi Pyo. Bibi Pyo aliangalia chini.

"Ipo," alisema Bok-rye. "Ipo tele. Nenda."

Mzee Deok-su akatoa pumzi. Ilitoka, ikatoka, pumzi ndefu kuliko kifua cha binadamu yeyote, nyeusi juu ya kitambaa cheupe, na Bibi Pyo akakipasua kitambaa katikati kwa mwili wake, akitembea, akilia kama mtu aliyefiwa, hadi alipoligusa zege. Kisha upepo tu.

Rangi ilirudi midomoni mwa mzee. Madaktari waliridhika. Vijipira vilirudi kupanda kimoja kimoja kwa shida, kama inavyompasa mgonjwa, na sumaku ikarudi kushtua kidole gumba peke yake. Maneno yakaanza kurudi: maji, baridi, Hyeon-ju. Bok-rye aliyapokea kila moja kama zawadi, lakini mumewe alikuwa hamtazami.

Siku mzee alipoweza sentensi nzima, Yu-ri alikuwa anapanga vifaa. Mzee alihangaika na ulimi wake, jasho likimtoka, akakataa kusaidiwa.

"Mimi... nilimpa," alisema. "Pumzi. Nilimpa kwa hiari."

"Ungekufa, Baba Hyeon-ju."

Alitikisa kichwa kukubali. Nusu ya uso wake ilikuwa inalia, nusu nyingine haikuweza.

"Ulimwambia kuna hewa," alisema. "Nani... alikuambia?"

Bok-rye alinyanyuka akaenda kufungua dirisha, hewa na theluji vikaingia chumbani, naye akasimama hapo akilishikilia lisijifunge.